UZI: Chumba kilichokuwa cha kuchomea dhahabu hapa Bukavu, kinasafishwaje kabla watu hawajahamia?

Fundi_Nyawera

Jambo wakubwa. Kuna kazi hapa mtaa wa Ibanda naomba tuijadili kifundi. Nyumba ya matofali, chumba cha mbele mita 4 kwa 5, kimo mita 2.8. Kwa muda mrefu kilikuwa cha mnunuzi wa dhahabu asiye na karatasi. Kuna meza ya zege, juu yake bomba la bati linalotoboa paa, sinki moja, sakafu ya simenti yenye nyufa, na kona moja imetandikwa mbao. Dari ni tripleksi (plaiwudi). Mwenye parseli (kiwanja) anataka kufungua chekechea humo na tayari amepaka rangi ukuta mmoja, ule wa nyuma ya meza. Vijana wa kazi wanasema wafagie, wamwage javeli (jiki), wapige brashi ya rangi, basi. Mnasemaje?

Mwalimu_Kemia

Ndugu Fundi, wasimamishe vijana leo hii. Dhahabu ya wachimbaji hushikwa kwa zebaki, na ikichomwa zebaki hiyo hubaki chumbani. Fagio, javeli na rangi: hayo matatu ndiyo yanayoharibu kazi.

Fagio hupasua tone moja la zebaki kuwa vitone vingi visivyoonekana, na kadiri vitone vinavyokuwa vingi ndivyo mvuke unavyozidi. Fagio lenyewe linabeba zebaki hadi chumba kinachofuata. Javeli ina klorini, nayo hugeuza zebaki kuwa chumvi inayoyeyuka majini, ikazama kwenye simenti na kwenda mferejini. Baya zaidi, meza za namna hiyo huwa na mabaki ya asidi ya nitriki, na javeli ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini. Kijana aliyeinama juu ya meza anaivuta moja kwa moja. Rangi inakuja mwisho kabisa. Ukuta mmoja uliopakwa peke yake mimi ningeuangalia kwanza, maana hapo ndipo masizi yalipokuwa.

Hesabu ya kuwaonyesha ni hii. Chumba chako kina mita za ujazo 56. Tone la zebaki lenye upana wa milimita 1 lina uzito wa karibu miligramu 7. Likigeuka mvuke lote humo ndani, hewa inakuwa na mikrogramu 125 kwa kila mita ya ujazo. Shirika la Afya Duniani linaweka mikrogramu 1 kuwa kiwango cha wastani wa mwaka. Tone hilo moja halitaisha leo wala kesho, linavukiza polepole, na kwenye ufa kuna mengine ambayo hujayaona.

Mtoto_wa_Kadutu

Samahani Mwalimu, hapo mnatia watu woga bure. Amalgamu, yaani dhahabu iliyoshikana na zebaki, inachomwa kule kule machimboni, Kamituga, Misisi, Shabunda. Hapa mjini wanaleta dhahabu iliyokwisha kuchomwa, wanayeyusha tu. Zebaki ilishabaki porini.

Mwalimu_Kemia

Ungekuwa sahihi kama wangechoma ikaisha. Amalgamu iliyokamuliwa kwa kitambaa karibu nusu yake ni zebaki. Mchimbaji akiichoma juu ya makala (mkaa) au kwa moto wa gesi anabaki na kipande chenye matundu, rangi ya manjano iliyofifia, na ndani yake bado kuna zebaki ya asilimia 2 hadi 5, wakati mwingine zaidi. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357. Mnunuzi wa mjini anayeyusha dhahabu kwenye nyuzi 1,064, kwa hiyo kilichobaki chote kinatoka pale mezani pake. Kwa kila gramu 100 anazoyeyusha, gramu 2 hadi 5 zinaruka chumbani au juu ya paa. Zidisha kwa siku za kazi.

Tena wengine huchoma amalgamu mbichi hapo hapo, hasa ile inayoletwa usiku.

Fundi_Bomba_Nguba

Mimi naongeza ya maji, kwa sababu hapo ndipo watu wanasahau. Chini ya sinki kuna sifoni, lile pindo la bomba. Zebaki ina uzito mara 13.5 ya maji, haipiti pindo, inalala chini. Ukifungua maji kwa nguvu hutaiona kamwe. Weka ndoo ya plastiki chini yake, ndani ya ndoo weka beseni la pili, ndipo ufungue taratibu. Bomba la chuma au la plastiki vyote vitoe, usirudishe. Kama sinki ilikwenda kwenye shimo la nyuma, toa tope la juu la shimo kwa koleo, usilivute kwa pampu ya kawaida.

Halafu paa. Lile bomba la moshi linamwaga masizi juu ya mabati, mvua inayashusha kwenye mfereji, mfereji unaingia kwenye tangi au pipa. Regideso, kampuni ya maji, ikikata maji, nyumba nzima inakunywa ya mvua. Tenganisha mfereji kabla hujagusa kitu kingine. Maji ya tangi yasimwagwe mtaroni kabla hujakagua tope la chini. Kagua pia tangi la jirani wa upande unaoelekea upepo, naye alikuwa anapokea moshi ule ule.

Mama_Labotte

Aksanti kwa maelezo. Lakini kwa nini msitumie salfa? Unanyunyiza unga wa manjano sakafuni, zebaki inakufa, unazoa. Wengi wanafanya hivyo.

Mwalimu_Kemia

Mama, salfa ina kazi yake ila si hiyo. Katika joto la Bukavu, karibu nyuzi 20, salfa inashika ngozi ya juu tu ya tone, ndani linabaki zebaki kamili. Ukilikanyaga linapasuka na linaanza upya. Mimi naitumia kama alama: nyunyiza kidogo kwenye ufa, acha hadi kesho yake, sehemu inayogeuka kahawia ndiyo yenye zebaki. Unga wa zinki unashika vizuri zaidi. Ukiuloweka kwa siki kidogo unakuwa kama ugali mzito, unaupaka kwenye ufa, ukikauka unautoa pamoja na zebaki. Lakini hata huo unakuja baada ya kuokota matone yanayoonekana.

Fundi_Nyawera

Sawa, basi nipeni utaratibu wa kuokota. Na vijana wavae nini? Wana barakoa za hospitali.

Yaya_Usalama

Mdogo wangu, barakoa ya hospitali haizuii mvuke wowote. Hata ile ngumu ya vumbi haizuii. Kinachotakiwa ni barakoa ya mpira yenye chujio lililoandikwa Hg-P3, mstari mwekundu na mweupe. Chujio la kahawia la wapaka rangi halifai, na hata lile lenye rangi nne liitwalo ABEK halitoshi likiwa peke yake. Hg-P3 inatupwa baada ya kutumika muda wa saa 50, kwa hiyo andika tarehe na muda juu yake kwa kalamu. Ndevu zinyolewe, la sivyo hewa inapita pembeni. Glovu za nitrili, buti za mpira, ovaroli ambayo haitarudi nyumbani. Pete na mikufu vivuliwe: zebaki ikigusa dhahabu inageuka nyeupe hapo hapo.

Buti ziachwe mlangoni. Ukipanda pikipiki na buti zile zile, zebaki iliyo kwenye nyayo inakwenda nayo hadi sebuleni kwa mwanao.

Utaratibu sasa. Funga milango ya ndani kwa plastiki na gundi ya karatasi (utepe wa kunata), fungua dirisha la nje tu, lile lisiloelekea kwa jirani. Feni ya dari izimwe. Zima taa, washa tochi, iweke chini kabisa sakafuni ili mwanga uende sambamba na simenti. Matone yatang'aa kama macho ya paka. Anza nje kuelekea meza, usije ukakanyaga kabla ya kuona. Makubwa yasukume kwa kadi mbili ngumu hadi yaungane, uyavute kwa sirinji isiyo na sindano. Madogo yanashikwa na gundi ya karatasi, au povu la kunyolea kwenye brashi ndogo. Kila kitu kinaingia kwenye chupa nene ya plastiki yenye maji juu yake. Maji yanazuia mvuke.

Chupa isijazwe. Ile ndogo ya soda, mililita 330, ikijaa zebaki ina kilo 4 na nusu, kitako kinaachia mkononi.

Mashine ya kuvuta vumbi ya nyumbani, hapana kabisa. Inapasha zebaki moto na kuirushia chumba kizima.

Seremala_Cimpunda

Ile kona ya mbao usiisafishe, ing'oe. Matone yanapita kati ya mbao na kulala kwenye udongo chini, hasa nyumba zetu hizi za kwenye mteremko. Mbao, tripleksi ya dari, zulia, godoro la mlinzi, viti vya sponji: vyote ni vya kutoa. Vifunge ndani ya plastiki mbili papo hapo chumbani, usivipitishe wazi koridoni. Wala usivichome moto. Nimesikia watu wanashauri kuni za bure, hizo ni kuni za sumu.

Tripleksi ishushwe ikiwa na unyevu. Pulizia maji kwa kipulizo cha kunyunyizia dawa ya shamba, kisha kata. Juu ya dari kuna masizi ya miaka, ukiivunja kavu yanakumwagikia kichwani.

Udongo chini ya mbao toa sentimita 5 kwanza. Chukua konzi mbili za ule uliobaki, tia kwenye karai pamoja na maji, zungusha kama wanavyochenjua dhahabu. Zebaki ni nzito kuliko mchanga wowote, itabaki chini ya karai kama vidonge vya fedha. Ukiiona, toa sentimita 5 nyingine. Vijana waliotoka Kamituga wanajua hiyo kazi kuliko sisi. Maji ya karai yarudi kwenye bido (jerikeni), si bustanini.

Mwalimu_Kemia

Hilo la karai ni zuri sana. Linakamata matone. Zebaki iliyogeuka chumvi haliikamati, lakini kwa udongo wa chini ya mbao tatizo huwa ni matone.

Meza ya zege na ukuta: asidi kwanza, zebaki baadaye. Weka karatasi ya kupimia asidi kwenye madoa ya kahawia. Ikiwa nyekundu, mwagia baikaboneti ya soda kidogo kidogo hadi povu likome, kisha pima tena. Usitumie maranda ya mbao kunyonya asidi ya nitriki, yanaweza kushika moto yenyewe. Asidi ikiisha, tengeneza maji ya thaiosalfeti ya sodiamu, ile chumvi ya wapiga picha wa zamani, gramu 200 kwa lita 1. Futa kwa vitambaa kutoka juu kwenda chini, kila kitambaa mara moja tu na kitupwe kwenye mfuko. Ukiruka hatua ya baikaboneti, thaiosalfeti na asidi vitatoa gesi ya kiberiti itakayokukimbiza nje.

Ule ukuta uliopakwa: kwangua rangi ikiwa na maji, hadi plasta. Kama plasta ni nyeusi kwa ndani, toa plasta yenyewe.

Fundi_Nyawera

Na sakafu? Simenti yote nibomoe?

Mzee_Zege

Hapana, usikimbilie kubomoa. Safisha nyufa kwa zinki, futa, kisha pima. Ikikataa ndipo uchonge sentimita 1 ya juu. Mita za mraba 20 kwa sentimita 1 ni kama kilo 400 za kifusi, yaani magunia 10 ya kilo 40, na kila gunia ni taka ya sumu unayotakiwa kuitunza. Kwa hiyo chonga palipo na ugonjwa tu: kuzunguka meza, mbele ya sinki, mlangoni.

Patasi na nyundo, simenti ikiwa imelowa. Mashine ya kukatia inapasha moto na kutoa vumbi, usiiwashe humo.

Mtoto_wa_Kadutu

Naona mnasema "pima, pima". Kipimo kiko wapi? Na mkijua kiwango, nani kasema hicho ndicho sahihi?

Mwalimu_Kemia

Swali zuri, kijana. Kuna mashine za mvuke wa zebaki, kama Jerome na Lumex, zinasoma papo hapo. Kuna pia beji ndogo za kuning'iniza chumbani kisha kuzituma maabara. Bunduki ya kupimia madini, ile wanayoishika wanunuzi wa koltani, haisomi mvuke wa hewani, usikubali mtu akulipishe kwa hiyo.

Kiwango: ATSDR ya Marekani (shirika la sumu na afya) inaruhusu watu kurudi nyumbani chini ya mikrogramu 1 kwa mita ya ujazo. Ikizidi 10, watu wanatolewa. Kwa chekechea mimi singeenda juu ya 1 hata kidogo.

Lakini namna ya kupima ndiyo inayodanganya. Kwenye nyuzi 20 hewa inaweza kubeba miligramu 13 za zebaki kwa mita ya ujazo, kwenye nyuzi 30 ni zaidi ya mara mbili. Asubuhi ya Julai Bukavu ni baridi. Ukipima hapo na madirisha wazi, chumba chochote kitafaulu. Mchana jua likipiga mabati, ni chumba kingine. Pima madirisha yakiwa yamefungwa, joto likiwa nyuzi 27 au zaidi, beji ikae muda wa saa 8 kwenye kimo cha pua ya mtoto, siyo cha mtu mzima.

Kuhusu viwango kuwa na makosa, wenzetu walishaumia kwenye nyumba zilizokuwa za methamphetamine, dawa ya kulevya. Nyuzilandi iliweka mikrogramu 1.5 kwa sentimita za mraba 100 mwaka 2017. Wakazi wa nyumba za serikali wakatolewa, kuta zikabomolewa, kampuni za kupima zikanenepa. Mwaka 2018 mshauri mkuu wa sayansi, Peter Gluckman, akasema kwa nyumba ambamo watu walivuta tu hakuna ushahidi wa madhara, na akapendekeza 15. Shirika la nyumba likaomba msamaha na kulipa fidia. Kwa hiyo una haki ya kuuliza. Ila zebaki haiko hivyo, madhara ya mvuke wake yanajulikana kutoka kwa wafanyakazi wa viwandani tangu zamani. Hata EPA ya Marekani (shirika la mazingira), katika mwongozo wake wa nyumba za methamphetamine, inataka zebaki na risasi vipimwe pale dawa hiyo ilipotengenezwa kwa njia iitwayo P2P.

Yaya_Usalama

Baada ya kutoa vyanzo vyote, siyo kabla, kuna kazi ya kupasha na kupepea. Funga chumba, kipashe hadi nyuzi 28 au 30 kwa muda wa saa kadhaa, kisha fungua madirisha yote ya nje. Rudia. Zebaki iliyojificha kwenye vinyweleo vya simenti inatoka. Ukipasha kabla ya kuokota matone unajaza nyumba mvuke na unaupeleka vyumba vingine.

Tafadhali, mbabula (jiko) ya makala haiwashwi ndani ya chumba kilichofungwa. SNEL ikikata umeme, tumia jua la mchana na mabati, au jenereta ikiwa nje mbali na dirisha. Moshi wa makala huua haraka kuliko zebaki.

Daktari_Bagira

Naongezea ya watu, maana nyumba imezungumzwa vya kutosha. Mvuke ukivutwa, karibu asilimia 80 yake huingia kwenye damu. Zebaki ya maji ikimezwa karibu yote hutoka, kwa hiyo mtoto aliyemeza kidogo si hatari kama yule anayelala ndani ya chumba hicho. Mlinzi aliyelala humo, mhudumu wa meza, na watoto wa nyuma ya ukuta wapimwe mkojo, pamoja na kreatinini (huonyesha mkojo ni mzito au mwepesi) ili tusidanganywe na mkojo mwepesi. Damu peke yake inachanganya, kwa sababu kula samaki pia hupandisha zebaki ya damuni.

Dalili: mikono kutetemeka (mwambie aandike jina lake, utaona), fizi kuvimba na kutoa damu, kukosa usingizi, hasira au aibu isiyo ya kawaida. Mtoto viganja na nyayo huwa vyekundu na kuwasha, anatoka jasho sana. Mwanamke mwenye mimba asiingie hata dakika moja, mvuke unapita hadi kwa mtoto. Kijana wa kazi akianza kikohozi na kifua kubana saa chache baada ya kupasha chumba, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Dawa za kutoa zebaki zipo, ila ni za daktari. Mtu akiondolewa kwenye mvuke, nusu ya zebaki mwilini hutoka kwa takriban miezi miwili. Mkimpa dawa na kumrudisha kulala mle mle, mmefanya bure.

Mtoto_wa_Kadutu

Hiyo zebaki iliyookotwa si mali? Kuna watu wananunua.

Mzee_Zege

Wananunua ili waichomee kwenye chumba kingine, labda nyuma ya kwenu. Itunze chini ya maji, chupa ndani ya bido, bido ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli, mahali penye hewa mbali na vyumba vya kulala, na maandishi mekundu. Magunia ya kifusi vilevile, juu ya plastiki, chini ya paa. Ruzizi, ziwa na makorongo si jalala. Zebaki ikifika kwenye tope la ziwa, vijidudu huigeuza kuwa zebaki ya methili inayoingia kwenye samaki.

Na mwenye parseli akikataa kulipa, mkumbushe Sheria namba 11/009 ya 9 Julai 2011 ya mazingira, yenye kanuni ya mchafuzi kulipa. Kama bado anashika garanti (amana ya kodi) ya yule mnunuzi wa dhahabu, aanzie hapo.

Fundi_Nyawera

Aksanti wazee wangu, aksanti Yaya. La mwisho: dirisha la chumba lina fremu ya alumini, imeota kitu cheupe kama pamba kwenye kona ya chini. Ni kutu?

Mwalimu_Kemia

Ndiyo, ni kutu ya alumini, na kilichoileta ni zebaki. Inavunja ngozi inayolinda alumini, alumini inaliwa na hewa na kuota ule unga mweupe. Ukiufuta unarudi, kwa sababu zebaki haijaisha, inaendelea kula. Toa fremu nzima, ifunge kwenye plastiki. Kisha angalia plasta iliyo chini yake kwa tochi: kama zebaki ilifika dirishani, ilidondokea hapo.

Fundi_Nyawera

Nimeangalia sasa hivi kutoka nje, kupitia kioo. Zipo, tatu kubwa na vumbi lake. Naagiza Hg-P3 kabla mtu hajaingia. Rangi ya epoksi makoti mawili itasubiri vipimo.